Karani wa Kopo la Kimbo

Kopo lilikuwa la Kimbo, lile la kilo mbili, na mfuniko wake ulikuwa umetobolewa kwa patasi ukapata mdomo wa kumeza karatasi iliyokunjwa mara nne. Kila Jumapili lilikaa kwenye meza ya mbele kanisani, kando ya sahani ya sadaka. Sahani haikuona kitu mwaka ule. Kopo lilijaa.

Mwaka wenyewe ni 1984. Nilikuwa darasa la sita, na tangu Aprili hadi Oktoba nilikuwa karani wa maombi wa laini yetu huko Mugutha. Kazi hiyo sikuitafuta. Mzee wa kanisa alitangaza kwamba mwenye haja aiandike, aitie koponi, na kila Ijumaa wazee watafunga na kuziombea haja zote. Tangazo zuri, ila mzee alisahau kwamba nusu ya waumini wake hawajui kuandika. Mama hakusahau, kwa sababu alikuwa katika hiyo nusu. Tulipotoka tu akamwambia jirani, naye jirani akamwambia jirani, kwamba mtoto wake ana hati safi na mdomo mzito.

Anayepita Mugutha leo, akitoka Ruiru kwenda Juja, ataona ploti, maduka ya saruji na mabati, na nyumba za kupangisha za ghorofa nne tano zilizopeana migongo. Miaka ile ilikuwa kahawa, mstari baada ya mstari, na katikati yake laini za wafanyakazi. Laini yetu ilikuwa na vyumba 24, kila familia chumba kimoja, na bomba moja la wote. Alfajiri isiyo na ukungu uliona Kilimambogo upande wa mashariki na, mbali kule kaskazini, ncha za Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, kabla mawingu hayajazifunika.

Watu walitoka kila upande: Wakikuyu wasio na shamba kama sisi, Wakamba wa Machakos, Waluhya, Wajaluo, na mzee mmoja wa Tanganyika, kama mwenyewe alivyozidi kuiita. Basi lugha ya kopo ikawa Kiswahili. Hapo ndipo shida yangu ya kwanza ilipoanzia, kwa kuwa Kiswahili cha shamba hakina adabu nyingi. Mtu alikaa mbele yangu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema: “Andika. Mungu, mimi nataka mvua.” Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kwamba mkubwa haambiwi nataka, huambiwa naomba. Nikawa nasahihisha. Nataka ikageuka naomba, lete ikageuka utujalie, upesi ikageuka kwa wakati wako. Mama wa chumba cha tisa alitaka nimsomee nilichoandika. Nikasoma. Akanikatiza.

“Hiyo ‘kwa wakati wako’ nimesema mimi?”

Nikaifuta.

Kwa Kikuyu neno ni moja, kuhooya. Anayemwelekea Mungu anahooya, na anayeomba chumvi kwa jirani anahooya. Kiswahili hakiko mbali na hapo: muumini aliyepiga magoti na ombaomba wa stendi ya Thika wamezaliwa na kitenzi kimoja. Waliokaa juu ya ndoo yangu hawakuona tofauti, wala hawakuona haya.

Mvua ya masika, ile ya Machi hadi Mei, ilikataa. Mahindi tuliyopanda kandokando ya laini yalifika magotini, yakajikunja majani kama sigara. Kahawa ni mti sugu, haifi upesi, lakini matunda yalibaki madogo, na ukilibonyeza moja punje iliyotoka ilikuwa nyepesi, imesinyaa. Mchumaji hulipwa kwa debe. Debe ambalo mama alilijaza kwa saa moja mwaka uliotangulia sasa lilimaliza asubuhi. Serikali iliagiza mahindi ya njano kutoka Marekani. Huko kwao hiki ni chakula cha ng'ombe, watu walisema wakiutazama ule ugali, kisha wakamega tena.

Nilikata kurasa za daftari kwa rula, ukurasa mmoja vipande vinne. Ujira wangu ulikuwa senti kumi, au pingili ya muwa, au “Mungu atakulipa”. Mvua waliiomba karibu wote, lakini hakuna aliyeomba mvua peke yake. Mvua ilikuwa salamu za barua, na haja yenyewe ilifuata chini. Huyu aliomba mvua na mumewe aache chang'aa. Yule aliomba mvua na karani wa mizani apate macho ya huruma, kwa kuwa alikuwa akila nusu debe katika kila debe tano. Kijana mmoja aliomba baiskeli akataja na rangi. Mzee wa Tanganyika aliomba afie Songea, na akasisitiza niandike Songea, nisiandike Tanzania, Mungu asije akamshusha Dar es Salaam.

Halafu kulikuwa na mtu na mkewe wa chumba cha kumi na nne. Mume alisimamia meza za kukaushia kahawa kiwandani. Kahawa iliyoanikwa ikilowa hushika harufu, daraja lake hushuka, na msimamizi hukatwa mshahara. Yeye aliomba mvua isinyeshe mchana, na kama ni lazima inyeshe, ngurumo itangulie ili awahi kufunika. Mkewe alikuwa na kipande cha mahindi kando ya kijito, akaomba mvua inyeshe, saa yoyote, hata ikiwa sasa hivi. Walikuja jioni moja, mume saa kumi na moja, mke saa moja, kila mmoja akanisihi nisimwambie mwenzake. Usiku wakalala kitanda kimoja. Jumapili karatasi zao zikalala kopo moja, na hati ya zote mbili ni yangu.

Nilianza kumwonea Mungu huruma. Nilimfikiria kama karani mwenzangu, ila mwenye meza kubwa zaidi na pasipo mapumziko.

Jambo hilo nililipeleka kwa cucu, mama yake baba, ambaye alilala upande wangu wa pazia. Cucu alikuwa amebatizwa na alikwenda kanisani, lakini koponi hakutia hata karatasi moja. “Ngai hasumbuliwi,” aliniambia, akimwita Mungu kwa Kikuyu. Baadaye, nilipokisoma kitabu cha Jomo Kenyatta cha mwaka 1938 kuhusu Mlima Kenya na watu wake, nilikuta maneno hayo hayo kama msemo wa Wakikuyu, na moyo ukashtuka kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Zamani, alieleza cucu, mtu hakwenda kwa Ngai na kikapu chake cha shida kila jioni. Familia ilimwendea kwa pamoja, wakati wa kuzaliwa, kutahiriwa, kuoana na kufa. Likija janga la nchi nzima, wazee walikwenda chini ya mti wa mugumo na kondoo wa rangi moja asiye na doa, wakageukia Kirinyaga. Watoto wadogo waliingia katika ibada hiyo, na bibi waliokoma kuzaa. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa watoto hao mara moja. Alikumbuka kibuyu cha maziwa, na kwamba alikatazwa kucheka.

“Mvua ikanyesha?”

“Ilinyesha. Lakini sikiliza. Hakuna aliyeomba inyeshe kwake ikapita kwa jirani. Na tuliomba mara moja. Ngai si kiziwi.”

Mengine, alisema, hayaombwi kabisa, kwa kuwa yamekwisha kukatwa. Akanipa mfano wa mugumo wa Thika, ambao kila mtoto wa pande zetu alikuwa ameusikia: Mugo wa Kibiru alitabiri kwamba siku mugumo ule utakapoanguka, utawala wa Mzungu utakwisha. Wazungu wakasikia, wakauzungushia chuma ili usianguke. Ukaanguka mwaka 1963. “Nani aliuombea uanguke?” cucu aliuliza. Lakini upande wa pili aliwaheshimu sana Wakorino, wale wa vilemba vyeupe, ambao huomba wameinua mikono tangu mwanzo hadi mwisho. Alikuwa msichana wa rika langu Februari 1934, polisi walipowaua Joseph Ng'ang'a na Wakorino wenzake wawili katika msitu wa Ndarugu, si mbali na kwetu. Walikuwa watu wa maombi. Mikono iliyoinuliwa haikuzuia risasi, cucu alisema, na hakusema zaidi.

Nilimbana. Kama mambo yamekwisha kukatwa, na kama Ngai anajua, kuomba ni kwa nini?

“Ukirudi shuleni na njaa, mama yako hajui una njaa?”

“Anajua.”

“Huwa unanyamaza?”

Sijapata jibu bora zaidi ya hilo kwa mwanachuoni yeyote, ingawa nimesoma baadhi yao. Ila lina tundu lake, na tundu hilo lilitobolewa pale bombani.

Ilikuwa jioni, foleni ya ndoo. Wanawake walikuwa wakitiana moyo kwamba Mungu hajawahi kuwaacha watu wa kahawa. Mbona mwaka 1976 na 1977 aliwasikia? Bei ilipanda ajabu, wenye miti yao walijenga nyumba za mawe na kununua redio, na hata sisi wa laini tulipata kazi ya ziada na nyama ya Jumamosi. Karani mstaafu wa kiwanda, aliyekuwa akisubiri ndoo yake, akacheka. “Mungu gani? Ile ilikuwa baridi ya Brazil.” Akaeleza, kwa raha ya mtu anayejua jambo peke yake, kwamba Julai 1975 jalidi liliingia Parana usiku, na kulipokucha miti ya kahawa, mamia ya mamilioni, ilikuwa imeungua ikawa myeusi. Dunia ikakosa kahawa, ndiyo sababu ya bei ya Mugutha kupanda.

Kimya kikapita. Kisha mama, ambaye hakuwa msemaji, akauliza: “Na hao wa huko, kwani wao hawakuwa wakiomba?”

Hakuna aliyemjibu. Ndoo iliyokuwa chini ya bomba ilifurika, mwenye ndoo akaiondoa, mwingine akasogeza yake.

Tangu jioni ile sijaweza kusikia ushuhuda wa baraka bila kujiuliza ni nani huko mbali aliyeamka akakuta miti yake myeusi. Wahubiri wengi hawapendi swali hili. Hujibu kwamba njia za Mungu hazichunguziki, na ni kweli, lakini mbona huchunguzika vizuri sana siku ya kutoa ushuhuda?

Agosti ndipo mambo yalipoharibika. Mtu mmoja mwenye sauti katika kanisa lile aliamua kwamba haja zisomwe mbele ya wote, ili waumini waungane na wazee. Sitamtaja, na amekwisha kufa. Alitia mkono koponi kama anayechagua bahati nasibu, akafungua, akasoma. Ya kwanza ilikuwa ya baiskeli, watu wakacheka, kijana akatoka nje. Ya pili ilikuwa ya nusu debe. Karani wa mizani alikuwa amekaa benchi la pili, amevaa koti. Hakugeuka. Lakini ibada ilipokwisha alikwenda mezani akaiokota karatasi, akaitazama hati, na jioni alikuwa mlangoni kwetu.

“Nani alisema haya?”

Mama alikuwa akisonga ugali. Hakunitazama. Mimi nilitazama vidole vya miguu yangu na sikusema kitu. Aliuliza mara tatu, kisha akaondoka. Kwa wiki mbili madebe ya mama yalipimwa kwa jicho baya kuliko yote, hata lile lililofurika likahesabiwa pungufu, na mama hakuniuliza kamwe ni nani aliyeniandikisha. Hilo la wiki mbili ndilo deni pekee la maisha yangu ambalo sijui nimlipe vipi.

Baada ya hapo hakuna aliyetaka kuandikiwa jina. “Andika: yule mtu.” Yule mtu yupi? “Wewe andika. Mungu atajua.” Karatasi zikajaa yule na lile: Mungu, umwangalie yule kwa jambo lile alilolifanya pale. Nilikuwa nikiandika hivyo usiku mmoja, koroboi inatoa moshi, kalamu ikasimama. Kama Mungu anajua yule ni nani na lile ni lipi, mimi na daftari langu tunamwandikia nini?

Niliendelea kuandika, maana watu walikuwa foleni.

Sasa nimfikie mama wa chumba cha tisa. Alitoka upande wa Kakamega, mumewe alikuwa ameondoka kwenda kutafuta kazi Mombasa na hakuleta barua. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka mitatu. Kufikia Julai miguu ya mtoto ilikuwa imevimba, nywele zimekuwa nyepesi na za rangi ya kutu, na alikuwa amekoma kulia, jambo ambalo lilitutisha kuliko kilio. Leo kila mhudumu wa zahanati ataitambua hali hiyo kwa macho: ni utapiamlo, mtoto aliyeshiba ugali bila maharage wala maziwa. Kila Jumamosi mama yake alikuja, akaketi juu ya ndoo, akasema maneno matatu yale yale: “Mungu, mtoto apone.” Sikupamba tena. Nilikataa senti zake kumi na yeye akaziacha sakafuni.

Mtoto alipelekwa hospitali Thika, akarudishwa, akapelekwa tena. Alifariki Septemba. Tulimzika upande wa chini wa shamba, mahali palipotengewa watu wa laini, na ardhi ilikuwa ngumu hata wanaume walipokezana jembe la sururu.

Jumamosi iliyofuata alikuja. Sikutarajia. Alikaa, akaweka senti kumi juu ya daftari.

“Andika: nimekuja.”

Nikaandika. Nikangoja. “Nimekuja, halafu?”

“Nimekuja. Basi.”

Nikakunja mara nne.

Nimesikia watu, niliowasimulia, wakisema huko ndiko kukubali mapenzi ya Mungu, kwamba mama yule alipita hatua ya kuomba vitu akafika mahali pa juu ambapo mtu hutaka Mungu mwenyewe. Huenda. Wao hawakuuona uso wake. Mimi niliuona kwa karibu, koroboi ikiwa katikati yetu, na ulikuwa uso wa mdai. Kwetu mtu akinyimwa haki yake na hana nguvu wala wakili, hukaa mlangoni kwa mdeni. Hatukani. Hukaa tu, ili mdeni akitoka amkute, na wapita njia waone. Alikuja Jumamosi nne hivyo.

Mvua ilinyesha Oktoba, alasiri. Tulisikia kwanza juu ya mabati ya kiwanda, halafu ya stoo, halafu yetu. Watoto walitoka wamefungua midomo. Yule wa chumba cha kumi na nne alikuwa akikimbia kati ya meza na shuka za nailoni, akipiga kelele kwamba watu waache kucheza waje wasaidie, na mkewe alikuwa amesimama katikati ya mahindi yaliyokauka zamani, amelowa, anacheka. Meza sita zililowa kabla hazijafunikwa. Mama wa chumba cha tisa alitoka na karai, akaliweka chini ya mchirizi kama kila mtu, akarudi ndani.

Kanisani ukawa ushuhuda. Wazee walikuwa wamefunga Ijumaa baada ya Ijumaa, na mvua imekuja. Karani mstaafu akanong'ona kwamba vuli huja Oktoba hata kwa wasio na kopo. Ni kweli, lakini masika nayo huja Machi hata kwa wasio na kopo, na haikuja. Mpaka leo sijui nani kati yao alikuwa akihesabu vizuri zaidi.

Jambo moja nililijua baadaye, nalo linanichekesha. Kati ya haja nilizoandika, kadhaa ziliomba Mungu aondoe ugonjwa wa kahawa, ule unaolifanya tunda changa kuwa jeusi na kuoza kwenye tawi. Kilomita chache kutoka laini yetu, katika kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru, kazi hiyo ilikuwa ikiendelea kwa miaka mingi. Mwaka 1985 wakatoa aina ya kahawa ya Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa huo, na mbegu yake hupatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono, ua moja baada ya jingine. Mimi nakata karatasi kwa rula kuwaandikia watu kwa Mungu, na ng'ambo kidogo mtu mwenye brashi anapaka chavua. Hakuna aliyetuambia.

Nimekuwa karani maisha yangu yote. Nina saiba ndogo Thika, kompyuta nne na mashine ya kunakili, na kazi yangu kubwa si intaneti, ni barua. Watu huja kuandikiwa maombi: ya basari, ya kazi, ya kuhamishwa, ya kusamehewa karo. Wananieleza shida yao na mimi naivalisha. Bado nabadilisha nataka ikawa naomba. Nimewaona wanaoandika mara moja wakangoja na wanaoandika kila mwezi kwa ofisi ile ile, na nimeona wote wawili wakipata, na wote wawili wakikosa.

Saiba ikiwa haina mtu nasoma. Nilisoma kwamba mwaka 1872 Mwingereza Francis Galton alilinganisha umri wa wafalme, ambao makanisa yote huwaombea maisha marefu kila Jumapili, na umri wa watu wengine wa tabaka la juu, akakuta wafalme ndio waliokufa mapema zaidi. Nilisoma pia juu ya utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2006, wa wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo katika hospitali sita. Walioombewa bila kujua kama wanaombewa walipata matatizo baada ya upasuaji sawa na wasioombewa, asilimia 52 kwa 51. Walioambiwa kwa hakika kwamba wanaombewa walifika asilimia 59. Waombaji walikuwa wamepewa jina la kwanza la mgonjwa na herufi moja ya jina la pili.

Nilimweleza mama. Sasa ana zaidi ya miaka themanini, macho yamefifia, masikio yako imara. Alisikiliza hadi mwisho.

“Hao waombaji walikuwa wakiwajua hao wagonjwa?”

“La. Walipewa jina na herufi.”

“Hata uji hawakuwapelekea?”

“La, mama.”

“Basi walikuwa wakiomba nini?”

Hakunipa nafasi ya kujibu, alitaka chai. Lakini nilikumbuka kwamba mwaka ule wa 1984, usiku mtoto wa chumba cha tisa alipozidiwa, mama aliomba kwa sauti na huku anamimina nusu ya maziwa yetu katika kikombe cha bati, akanituma nikayapeleke.

Yeye huomba kila kitu. Ni kinyume kabisa cha cucu, mama mkwe wake, na walibishana juu ya hilo kwa miaka ishirini bila kukosana. Akipoteza sindano humwomba Mungu, kisha huwasha taa. Hata hivyo ana mpaka wake. Mwaka 2014, runinga ilipomwanika mhubiri aliyekuwa akidai mbegu ya shilingi 310 kwa kila anayetaka kuombewa, alikasirika kwa namna ambayo sijaiona tangu wakati wa nusu debe. “Huyo ni wa mizani,” alisema. Ndilo tusi lake kubwa.

Februari 14, 2023, baada ya misimu mitano ya mvua kukosekana kaskazini na mashariki mwa nchi, Rais Ruto aliongoza maombi ya kitaifa ya mvua katika uwanja wa Nyayo. Tulitazama pamoja. Mama alisema amina zake. Mvua ilikuja Machi, na mwisho wa mwaka ikaja ya El Nino, na ya Aprili 2024 ikapita kiasi. Usiku wa kuamkia Aprili 29 maji yalivunja kizuizi huko Mai Mahiu yakazoa watu waliolala, makumi kwa makumi. Ruiru na Githurai watu walitembea katika maji ya kiunoni. Karibu na saiba yangu kijana mmoja alisema, akinyonya soda, kwamba pale Nyayo walisahau kutaja ni mvua kiasi gani. Nilicheka, halafu sikupenda kicheko changu.

Jioni ile nilimkuta mama anataka nimwandikie. Kanisa lake siku hizi lina kundi la maombi la WhatsApp, na haja hutumwa huko kabla ya Ijumaa. Nikaketi, nikashika simu yake. Akaanza: goti lake. Kesi ya ploti ya jirani. Mjukuu anayetafuta kazi. Watu wa Mai Mahiu. Mvua, ya kiasi.

“Kiasi gani, mama? Safari hii tutaje.”

“Andika kiasi.”

Nikaandika kiasi.

“Ongeza yule wa chumba cha tisa.”

Kidole changu kikasimama. Mama yule aliondoka laini mwanzoni mwa 1985, na hatukusikia habari zake tena. “Unamwombea nini?”

Mama alifikiri. Nje maji yalikuwa yakipiga mabati ya kibanda cha kuku.

“Sijui yuko wapi nijue anataka nini. Andika yule wa chumba cha tisa. Haya, nisomee.”